Walezi wenye siri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu walimu wa mashujaa katika fantasia na hadithi za kisayansi

Tahadhari kabla hujaendelea: majibu haya yanafichua miisho ya Harry Potter, Star Wars, Ender's Game, The Hunger Games, Black Panther na vingine kadhaa. Kama uko katikati ya mojawapo, kamalize kwanza. Na kama ulikuja hapa kutafuta orodha ya "walimu bora kumi", utakatishwa tamaa, maana wengi wa waliotajwa hapa usingewakabidhi hata mbuzi wakuchungie.

Mlezi mwenye utata ni nani hasa?

Ni yule mtu mzima anayemchukua kijana asiyejua kitu, akamfunza upanga, uchawi au kuongoza chombo cha angani, huku akimficha jambo ambalo kijana angelijua pengine angetimua mbio. Si adui. Adui anamtakia stelingi mabaya na ukumbi mzima unajua. Huyu anamtakia mema, au anautakia ulimwengu mema kwa kumtumia yeye, na hapo ndipo utata unapoingia, kwa sababu mema ya ulimwengu na mema ya mtoto mmoja hayafuati njia moja kila siku.

Ukali peke yake hautoshi, na ulevi vilevile. Wala uongo mdogo hautoshi. Katika The Hobbit (1937), Gandalf anakwaruza alama kwenye mlango wa Bilbo ili vibeti kumi na watatu waamini kuwa ndani mna mwizi stadi anayetafuta kazi. Huo ni utani wa babu kwa mjukuu. Kipimo changu ni siri: mlezi ana siri inayomhusu mwanafunzi mwenyewe, na anaendelea kula naye sahani moja.

Kwa nini hawa wanatuvutia kuliko walimu wema?

Mwalimu mwema haachi la kubishania. Ogion, katika A Wizard of Earthsea (1968) cha Ursula K. Le Guin, ni mkimya, mvumilivu, na anamwachia Ged, mwanafunzi wake, achague mwenyewe kubaki au kuondoka. Nampenda mno. Lakini sijaona watu wakikesha wakigombana juu ya Ogion.

Mlezi mwenye siri anakulazimisha usome mara mbili. Ukishajua alichokuwa anaficha, kila tabasamu la sura ya kwanza linageuka, na kila jibu la mkato linapata maana nyingine. Sababu ya pili, nadhani, ni umri wa wasomaji. Wengi hukutana na hadithi hizi wakiwa na miaka kumi na kitu, wakati uleule wanapoanza kugundua kuwa nyumbani kuna mambo waliyofichwa: deni, mke wa kwanza wa baba, ugonjwa wa bibi uliokuwa ukiitwa "uchovu tu". Wote tumewahi kuambiwa "utaambiwa ukikua". Fantasia inaichukua kauli hiyo na kuipa ukubwa wa ufalme.

Je, aina hii ilianzia Star Wars?

Hata kidogo. Merlin alikuwepo karne nyingi kabla. Katika simulizi zilizoandikwa na Geoffrey wa Monmouth kwenye miaka ya 1130, Merlin anambadilisha sura Mfalme Uther afanane na mume wa Igraine, Uther analala na mwanamke huyo kwa hila, na mimba hiyo ndiyo Arthur. Baadaye, katika kitabu cha Malory kilichochapwa mwaka 1485, Merlin huyohuyo anamchukua mtoto na kumpeleka akalelewe kwingine bila kujua yeye ni nani. Mfalme bora kuliko wote ametengenezwa kwa hadaa, na fundi wa hadaa ndiye mshauri wake mkuu.

Ukistaajabu ya Merlin utaona ya Drona. Katika Mahabharata, utenzi wa kale wa India, Drona, mwalimu wa silaha, anamkataa kijana Ekalavya kwa sababu ya asili yake. Kijana anafinyanga sanamu ya mwalimu kwa udongo, anajifunza upinde mbele ya sanamu hiyo peke yake porini, na anakuwa hodari kupita wote. Drona akigundua, anadai ada ya mwalimu: kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya anakikata na kukitoa, na Arjuna, mwanafunzi kipenzi, anabaki bila mpinzani. La ajabu ni kwamba tuzo ya taifa ya makocha wa michezo nchini India, iliyoanza kutolewa mwaka 1985, imepewa jina la Drona.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshafikiria Surat Al-Kahf. Nabii Musa anaomba kumfuata mja mwenye elimu, ambaye Qur'ani haimtaji kwa jina lakini mapokeo yanamwita Khidhri. Sharti ni moja: asiulize mpaka aelezwe. Jahazi la maskini linatobolewa, kijana anauawa, ukuta wa watu waliowanyima chakula unajengwa bure, na kila mara Musa anashindwa kunyamaza. Sikilinganishi maandiko na riwaya, ila ninaona umbo la jambo. Mwishoni Khidhri anaeleza yote matatu, moja baada ya jingine, na anasema hakuyafanya kwa amri yake mwenyewe, ndipo wanapoachana. Walezi wa riwaya wanatenda kwa amri yao wenyewe, hakuna wahyi unaowathibitisha, na wengi wao hawaelezi chochote mpaka wakamatwe.

Dumbledore alimlea Harry au alimtumia?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulia nalo.

Dumbledore, mkuu wa shule ya uchawi katika Harry Potter, alimtumia, na alimpenda, na kitabu cha mwisho (2007) hakikubali uchague moja. Ushahidi wa mashtaka ni mzito. Alimwacha mchanga kwenye kizingiti cha mama yake mkubwa akijua, kwa kauli yake mwenyewe baadaye, kwamba anamhukumu miaka kumi migumu. Alijua kuwa ndani ya mtoto mna kipande cha roho ya Voldemort, adui mkuu, na kwamba kipande hicho hakiondoki mpaka mtoto akubali kuuawa. Hakumwambia. Alimwambia Snape, mmoja wa walimu wa shule, na Snape, mtu asiyejulikana kwa huruma, ndiye aliyeshtuka na kumwambia usoni kuwa amekuwa akimfuga kijana kama nguruwe wa kuchinjwa.

Utetezi upo pia. Kinga ya damu iliyokuwa katika nyumba ya mama huyo mkubwa ilikuwa ya kweli. Na kuna mahali katika kitabu cha nne ambapo Harry anasimulia jinsi Voldemort alivyotumia damu yake kujirudishia mwili, na kwa nukta moja macho ya mzee yanang'aa kwa ushindi. Msomaji wa mara ya kwanza anahisi vibaya. Msomaji wa mara ya pili anaelewa: mzee ameona mlango ambao mtoto anaweza kupita akarudi hai. Kwa hiyo alikuwa na tumaini. Ila tumaini nalo aliliweka mfukoni.

Mimi ninachomlaumu nacho si mpango, ni mahesabu ya nani aambiwe lini. Katika kitabu cha tano anamkwepa kijana mwaka mzima, hamtazami hata machoni, kwa nia ya kumlinda, na ukimya huo ni sehemu ya njia iliyompeleka Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, kaburini. Baada ya hapo anakiri kwamba alikosea kwa kumjali kupita kiasi. Ungedhani amejifunza. Bado akaendelea kuficha lile kubwa zaidi, na Harry akaja kulijua mzee akiwa ameshakufa, kupitia kumbukumbu za mtu mwingine. Hakuwepo kuulizwa. Mazungumzo yao ya mwisho yanafanyika mahali ambapo huna hakika kama ni ahera au ni kichwani mwa kijana.

Ukimuuliza msomaji kwa nini mzee yuko hivyo, atakutajia Ariana, dada yake, aliyekufa katika ugomvi wa watu watatu bila kujulikana ni laana ya nani iliyompiga. Dumbledore alikuwa kijana mwenye ndoto za utawala "kwa manufaa makubwa zaidi" pamoja na Grindelwald. Baada ya msiba akaogopa madaraka maisha yake yote. Alikataa uwaziri. Lakini mazoea ya kupanga maisha ya wengine kama kete za bao hakuyaacha.

Obi-Wan alidanganya au hakudanganya?

Alidanganya. Katika filamu ya Star Wars ya 1977 anamwambia kijana Luke kwamba Darth Vader alimsaliti na kumuua baba yake. Mwaka 1980 Vader mwenyewe anasema yeye ndiye baba. Mwaka 1983 Luke anamkabili mzimu wa mwalimu wake, naye anajitetea kuwa alichosema kilikuwa kweli kwa namna fulani ya kutazama. Ni jibu la wakili.

Jambo wengi wasilolijua: uongo huo haukupangwa tangu mwanzo. Rasimu ya kwanza ya filamu ya pili, iliyoandikwa na Leigh Brackett mwaka 1978, ilikuwa bado na baba wa Luke kama mtu tofauti na Vader. Walipobadilisha, mzee mwema wa filamu ya kwanza akawa mwongo kwa nyuma, na naona ndipo alipopata uhai. Obi-Wan na Yoda wote wawili walitaka Luke amuue baba yake bila kujua. Luke alipokataa, Obi-Wan akasema basi Mfalme Mkuu ameshashinda. Luke akashinda kwa kufanya kinyume cha alichofundishwa.

Aliyefika mbali zaidi katika sanaa hii ni Moiraine wa The Wheel of Time, mfululizo ulioanza 1990. Yeye na wenzake wana kiapo kinachowafunga wasitamke neno lisilo la kweli. Matokeo yake wamekuwa mabingwa wa kupotosha kwa ukweli mtupu, na watu wa kawaida wamejifunza kutowaamini hata wanapokula kiapo kingine.

Na Snape je?

Snape si mlezi. Ni mwalimu mkatili kwa watoto wa miaka kumi na mmoja, na ni jasusi jasiri, na mambo hayo mawili hayafutani. Alan Rickman, aliyemwigiza katika filamu, alimpa sauti ambayo watu wengi wanaichanganya na utu wema.

Nani anatisha kuliko wote?

Kanali Graff, katika Ender's Game cha Orson Scott Card (1985). Anamchukua Ender akiwa na miaka sita. Wakiwa bado ndani ya chombo kuelekea shule ya kijeshi angani, anamsifu mbele ya wenzake kwa makusudi, ili wamchukie, ili mtoto ajue kuwa hakuna mtu mzima atakayekuja kumwokoa. Ender anawaua watoto wawili kwa kujitetea, kwa nyakati tofauti, na wakubwa wanamficha kuwa wamekufa. Kisha analetwa Mazer Rackham, shujaa mzee wa vita vilivyopita, anayemfundisha kuwa adui ndiye mwalimu pekee. Mtihani wa mwisho, ambao Ender anaudhani ni mchezo wa kompyuta, ni vita halisi. Anateketeza sayari nzima ya viumbe wenye akili, na anaambiwa baada ya kushinda.

Kinachonitisha si ukatili. Graff anampenda Ender, na anajua anachomfanyia, na anakisema waziwazi kwa wenzake katika mazungumzo yanayofungua sura. Hana kisingizio cha kutojua. Hatimaye anashtakiwa, anaachiwa huru, na anapewa cheo kingine. Nimeona watu wakilalamika kuwa hapo hadithi ilimwonea huruma. Mimi naona hapo ndipo iliposema kweli kuhusu serikali.

Mbona mlevi kama Haymitch anapendwa hivyo?

Kwa sababu ni mmoja wa wachache katika kundi hili waliosimama mbele ya wanafunzi wao siku siri ilipofunuka.

Haymitch Abernathy, katika The Hunger Games (2008) na vitabu vinavyofuata, alishinda michezo ya 50, ile ambayo watoto wanalazimishwa kuuana mpaka abaki mmoja, mwaka ambao watoto walipelekwa mara mbili ya kawaida, 48 badala ya 24. Alishinda kwa kuutumia ukuta usioonekana wa uwanja: shoka alilorushiwa likarudi lilikotoka. Serikali ikaona amewafanya wajinga, na ndani ya majuma mawili mama yake, mdogo wake na mchumba wake wakauawa. Tangu hapo kazi yake ni kuwaandaa watoto wawili wa Wilaya ya 12 kila mwaka, na kwa zaidi ya miaka ishirini kila mwaka wawili hao wanakufa. Pombe yake haihitaji maelezo zaidi.

Ustadi wake uko kwenye ukimya. Katniss, mwanafunzi wake, anakaribia kufa kwa kiu uwanjani, anaomba maji kwa sauti, na mwavuli wa msaada hauji. Anakasirika, kisha anafikiri: mzee ana uwezo wa kunitumia, hatumi, basi maji yako karibu. Anajikokota na kuyapata. Huo ndio ukurasa ninaourudia, maana watu hao wawili wanazungumza bila neno hata moja, na msomaji ndiye mkalimani.

Lakini siri anayo. Katika kitabu cha pili anamwahidi Katniss kuwa atamwokoa Peeta, kijana mwenzake wa Wilaya ya 12, na anamwahidi Peeta kuwa atamwokoa Katniss, na kuna mpango mkubwa wa uasi ambao hawaambii wote wawili. Katniss anaokolewa, Peeta anatekwa. Anapojua, anamrarua mzee uso kwa kucha. Haymitch hakimbii, wala hafi, wala hageuki mzimu wenye mng'ao wa buluu. Anabaki, anatukanwa, na kitabu cha tatu kizima wanajifunza upya kukaa chumba kimoja.

Kwa nini karibu wengine wote hufa?

Jibu la kawaida ni kwamba mwanafunzi hawezi kukua mwalimu akiwepo. Ni kweli kiasi. Jibu langu lisilo na adabu ni kwamba mwandishi anamtorosha. Mlezi akifa mapema, mwandishi ameepuka ukurasa mgumu kuliko yote, ule wa kijana kuuliza "ulijua?" na mzee kujibu akiwa hai. Filamu ya Black Panther (2018) inastahili sifa hapa. Zuri, anayechezwa na Forest Whitaker, amekaa na siri tangu 1992: kwamba mfalme T'Chaka alimuua ndugu yake mwenyewe huko Oakland na kumwacha mtoto yatima nyuma. T'Challa, mwana wa T'Chaka, anamkabili, mzee anajaribu kujificha nyuma ya ahadi aliyompa marehemu, kisha anasema yote. Anakufa baadaye, lakini kwanza anajibu. Whitaker huyohuyo, miaka miwili kabla, alikuwa Saw Gerrera katika Rogue One, aliyemlea Jyn Erso vitani na kumtelekeza akiwa na miaka kumi na sita. Inaelekea kuna uso wa kazi hiyo.

Walezi wanawake wako wapi?

Ni wachache kuliko inavyopasa, ila waliopo wana makali. Katika Dune (1965), Mama Mtukufu Mohiam anamwamuru Paul, wa miaka kumi na mitano, aingize mkono kwenye kisanduku cha maumivu, huku sindano ya sumu ikiwa shingoni mwake. Akiutoa mkono, anakufa. Aliyepita jandoni, au aliyekaa ndani na kungwi wake, hatahitaji kuelezwa kwa nini mtu mzima anaweza kumpenda mtoto na bado akamtia katika jambo la kuumiza kwa jina la ukoo. Swali ambalo Dune inaliuliza, na ambalo makungwi wa leo nao wanaulizwa, ni maumivu hayo yanamfaidi nani.

Waandishi wenye asili ya Afrika wanawachora tofauti?

Wawili ninaowajua vizuri, ndiyo. Katika Who Fears Death (2010) cha Nnedi Okorafor, mchawi Aro anamkataa Onyesonwu tena na tena kwa sababu ni mwanamke na kwa sababu ya namna alivyozaliwa. Siri si tatizo lake, tatizo ni dharau, na msichana hasubiri kuombewa.

N. K. Jemisin ndiye aliyekwenda ndani zaidi ya yeyote. Trilojia yake iliyoanza na The Fifth Season (2015) ilichukua tuzo ya Hugo ya riwaya, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla. Humo yumo Schaffa. Anamtoa msichana Damaya, mwenye nguvu za kutikisa ardhi, kwa wazazi waliomfungia bandani, anampakata juu ya farasi, anamsimulia hadithi njiani, kisha anamvunja mkono kwa utulivu kuona kama ataweza kujizuia, na anamwambia anampenda. Unamchukia. Kitabu cha pili kinamleta tena, kumbukumbu zake zikiwa zimeliwa, akimlinda Nassun, mtoto ambaye baba yake mzazi alimuua kaka yake mdogo kwa ngumi. Kwa Nassun, Schaffa ndiye baba mwema pekee aliyemjua. Na wewe msomaji unaukumbuka ule mkono kila anaposhikwa bega.

Nataka kuandika mlezi wa aina hii. Nianzie wapi?

Anza na siku siri inapofunuka, uiandike kabla ya kuandika masomo ya upanga. Nani amesimama, nani amekaa, nani anazungumza kwanza. Kama huwezi kuiandika mpaka umuue mzee, siri yako bado ni nyepesi au unamwogopa kijana wako.

Mpe mzee sababu ambayo wewe mwenyewe ungeikubali usiku na kuikataa asubuhi. Usimpe hotuba ya kujitetea; walio bora hujitetea vibaya, kwa maneno machache, kama Obi-Wan. Na mfundishe kitu halisi. Mlezi ambaye haonekani akifundisha chochote ni msaliti wa kawaida aliyevaa kanzu ndefu.

Nianze kusoma kipi?

The Hunger Games ukitaka usiku mmoja, Ender's Game ukitaka siku tatu za kukosa usingizi. The Fifth Season mpe kurasa hamsini kabla hujakata tamaa, maana sehemu yake inakusimulia wewe kwa "wewe" na mwanzoni inachanganya. Dune ina kamusi mwishoni. Itumie bila aibu.